Upanga Nyuma ya Naivera: Bunduki za Kale katika Nyumba za Wakristo wa Nyanda za Juu Kusini

Katika kufundisha historia ya Kanisa la Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuvitaja vitu walivyokuja navyo wamisionari wa kwanza: Biblia na kitabu cha nyimbo, kengele, dawa, misumeno, mbegu za miti ya matunda. Bunduki haimo katika orodha hiyo, au ikitajwa hutajwa kwa mkato, kana kwamba ni jambo la aibu. Hata hivyo ilikuwamo, na katika nyumba kadha wa kadha ingalimo. Mchungaji anayekaa na wafiwa mpaka siku ya kugawa mirathi aweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Mashamba yamekwisha kuzungumzwa, ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa, ndipo mjane anapoingia ndani na kutoka na kitu kirefu kilichozongwa blanketi. Ni shotigani ya mitutu miwili. Kitako chake kimepasuka na kufungwa waya wa shaba. Watoto wanasema kwamba babu aliipewa na mmisionari, au aliinunua kwa mlowezi aliyeondoka, au aliirudi nayo kutoka vitani. Haina thamani sokoni, lakini hakuna aliye tayari kuiachia, na macho ya wote yanamgeukia mchungaji.

Makala hii inakusudia kumsaidia mchungaji huyo kwa njia ya historia. Haitamtolea hukumu iliyo tayari. Itamwonyesha kitu alichowekewa mbele yake ni kitu gani, kilifikaje hapo, na kimebeba nini zaidi ya chuma na mti.

Yafaa kwanza kutofautisha aina za silaha, maana watu huzichanganya. Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mbele, kwa mchi. Bunduki ya vita, ile ya risasi moja moja, ina mtutu uliochongwa mifereji ndani ili risasi izunguke na kwenda mbali. Shotigani ina mtutu laini ndani, nayo hurusha marisau mengi kwa pamoja kwa umbali mfupi. Ni silaha ya kanga, kware na bata, na kwa mkulima ni silaha ya nyani na nguruwe wa mwituni. Ukubwa wake huhesabiwa kwa namna ya kale sana: ikiitwa namba 12, maana yake ni kwamba vidonge kumi na viwili vya risasi vyenye upana wa mtutu huo huwa na uzito wa ratili moja. Kwa hiyo namba 16 ni nyembamba kuliko namba 12, jambo linalowashangaza wengi wanapolisikia kwa mara ya kwanza.

Gobore lilitangulia Injili katika nchi hii. Misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani ililipeleka Usangu, Uhehe na pande za Ziwa Nyasa miongo mingi kabla ya 1891, mwaka ambao Wamoraviani walifika Rungwe na wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakajenga kituo chao cha kwanza Unyakyusa, Wangemannshöhe. Huko Karonga, mwendo wa siku chache tu kutoka Kyela ya leo, Mlozi na wafanyabiashara wenziwe walipigana na kampuni ya Waingereza tangu 1887, na mambo hayo hayakuisha mpaka Mlozi aliponyongwa mwaka 1895. Kwa hiyo wamisionari hawakuingia katika nchi isiyojua harufu ya baruti.

Mataifa ya Ulaya yaliliona hilo, nayo tarehe 2 Julai 1890 yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo unakumbukwa kwa kupinga biashara ya watumwa, na ni haki yake kukumbukwa hivyo. Lakini vifungu vyake vya silaha havisomwi mara nyingi. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, bunduki zenye mifereji na zile za kisasa zilipigwa marufuku kuingizwa na kuuzwa, isipokuwa chini ya mkono wa serikali. Mwafrika aliachiwa bunduki ya gumegume yenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Msomaji wa Samweli wa Kwanza atakumbuka sura ya 13, pale Wafilisti walipohakikisha kwamba hakuna mhunzi katika nchi yote ya Israeli. Sisemi kwamba wajumbe wa Brussels walikuwa Wafilisti. Wengine walisukumwa na huruma ya kweli. Nasema kwamba matokeo yalikuwa yale yale: chuma kizuri mkononi mwa upande mmoja.

Lakini hata chuma kizuri kina mipaka yake, na Uhehe ni shahidi. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, watu wa Mkwawa waliuangamiza msafara wa Emil von Zelewski, wakatwaa bunduki na mizinga yake. Ushindi huo uliletwa hasa na mkuki. Bunduki zilizotwaliwa hazikuiokoa Kalenga ilipoanguka tarehe 30 Oktoba 1894 mbele ya Gavana von Schele. Na bunduki ya mwisho katika habari hiyo haikumpiga Mjerumani: tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe asije akakamatwa. Sajini Merkl alimkuta amekwisha kufa. Kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, kikatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles mwaka 1919, kikarudi mwaka 1954 mkononi mwa Gavana Twining, nacho kikawekwa Kalenga. Nalitaja jambo hili linalojulikana na kila mtoto wa shule kwa sababu moja. Kwa Mhehe, bunduki ya kale haikumbushi uwindaji tu. Inakumbusha pia namna mtu alivyokataa kushikwa. Mchungaji kutoka pengine anayeingia Iringa na kusema juu ya kipande cha chuma kibovu hajui anazungumza juu ya nini.

Vita vya Korosani

Sasa tuje Yakobi, karibu na Njombe, ambayo wakati huo na kwa miaka mingi baadaye ilihesabiwa pamoja na Iringa, mpaka Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012. Hapo ndipo historia ya bunduki na historia ya Kanisa letu zinapokutana waziwazi, na hapo yafaa kukaa kidogo.

Mmisionari wa Yakobi alikuwa Paul Gröschel wa Chama cha Misioni cha Berlin. Mtawala wa sehemu hiyo alikuwa Mbeyela, mkuu wa Wabena. Walikuwa majirani wenye kufahamiana. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, habari za kutisha zilifika upesi: tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata watu wa Mbeyela, pamoja na wengine waliokuwa wamepokea maji, walikishambulia kituo cha Yakobi. Gröschel hakukimbia, wala hakungoja kuuawa. Alipiga bunduki, yeye na waliokuwa pamoja naye, na washambuliaji wengi walikufa. Mwenyewe aliyasimulia mambo hayo katika kitabu alichokichapisha Berlin mwaka 1911 juu ya miaka yake kumi ya kazi.

Wazee wa Yakobi walikuwa na jina lao wenyewe kwa mapigano hayo. Mwanahistoria James Giblin, aliyeyakusanya masimulizi yao, anaonyesha kwamba vita hivyo viliitwa vita vya Korosani, yaani vita vya Gröschel. Vitabu vya shule vinasema Majimaji. Wenyeji walimtaja mmisionari. Kwa maoni yangu hakuna ushuhuda mzito kuliko huo juu ya kilichotendeka. Katika kumbukumbu ya watu, mhubiri wa Injili na bunduki yake walikuwa ndio vita yenyewe.

Wanafunzi wetu hupenda kulimaliza swali hili upesi kwa pande mbili. Wengine husema Gröschel alikuwa mkoloni kama wakoloni wengine. Wengine husema alikuwa baba aliyeilinda nyumba yake na Wakristo wachanga waliomkimbilia. Luther mwenyewe aliandika mwaka 1526 juu ya swali kama askari nao waweza kuwa katika hali ya wokovu, akatofautisha mtu na kazi aliyopewa: mtu hapigi kwa ajili ya nafsi yake, ila kwa ajili ya jirani, akiwa chini ya mwenye mamlaka. Fundisho hilo likiletwa Yakobi linakutana na jiwe. Mwenye mamlaka alikuwa nani? Serikali ya Kijerumani ilikuwa na boma, lakini Mbeyela naye alikuwa mkuu halali wa watu wake, na alikuwapo kabla ya boma. Gröschel hakuwa askari wala ofisa. Alikuwa mgeni aliyepewa mahali pa kukaa na mtu yule yule ambaye sasa watu wake walikuwa wakianguka mbele ya nyumba yake. Naona kwamba twaweza kusema alikuwa na haki ya kuwalinda waliomo ndani, na wakati huo huo kusema kwamba tangu siku ile mahubiri yake yalikuwa na sauti nyingine masikioni mwa wasikilizaji. Baada ya vita ikaja njaa kubwa, maana majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala. Wenye njaa walikimbilia vituo vya misioni. Walikuja kwa nani? Kwa mwenye Neno, kwa mwenye chakula, au kwa mwenye bunduki? Hakuna aliyeweza kuwatenganisha hao watatu, kwa kuwa alikuwa mtu mmoja.

Kwa sababu hiyo, familia ya Kikristo ikisema kwa fahari kwamba bunduki yao ilitoka kwa mmisionari, fahari hiyo ina historia ndefu kuliko wanavyodhani. Kupewa bunduki na mmisionari kulikuwa kupewa uaminifu. Tangu amri ya wanyama ya Hermann von Wissmann ya mwaka 1896, uwindaji katika koloni la Wajerumani ulihitaji kibali, na bunduki mkononi mwa Mwafrika ilikuwa jambo la kuulizwa. Mwinjilisti aliyetumwa na bunduki ya bwana wake kutafuta kanga kwa ajili ya chakula cha kituo alikuwa ametengwa na wenzake kwa namna inayoonekana. Jambo hilo lilimpa heshima, na labda pia lilimpa upweke.

Chuma kinachosema

Bunduki za Nyanda za Juu zilikuja kwa mawimbi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita hapa kwa ukali: Novemba 1916 kikosi cha Wajerumani kilichozingirwa katika misioni ya Ilembula kilisalimu amri, na mwisho wa vita yote, tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Baadaye wakaja walowezi. Oktoba 1925 Lord Delamere aliitisha mkutano wa walowezi Tukuyu. Wajerumani walirudi Mufindi, Lupembe na Mbeya. Dhahabu ya Lupa iliwavuta watu wa kila namna kwenda Chunya. Wengi wao walikuwa na shotigani nyuma ya mlango. Mwaka 1939 vita vilipoanza tena, Wajerumani, wamisionari kwa walowezi, waliwekwa kizuizini na mali zao zikashikwa na serikali. Mambo ya nyumbani ya mtu aliyekamatwa kwa haraka huishia pengi: kwa mpishi, kwa msimamizi wa shamba, kwa mzee wa kanisa.

Kwa bahati bunduki hubeba hati yake mwilini. Miji yenye kutengeneza silaha ilikuwa na majumba ya ukaguzi, ambako kila mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa, kisha ukapigwa muhuri. Birmingham ilikuwa na jumba lake tangu 1813. Liège ya Ubelgiji, iliyotoa bunduki nyingi za bei nafuu zilizofika Afrika, ilipiga herufi ELG ndani ya umbo la yai. Mwaka 1893 Wabelgiji waliongeza taji juu ya yai hilo. Basi, familia ikisimulia kwamba bunduki yao ilikuja pamoja na wamisionari wa kwanza mwaka 1891, na chini ya mitutu mna yai lenye taji, masimulizi hayo hayawezi kusimama jinsi yalivyo. Wajerumani walikuwa na sheria yao ya ukaguzi ya mwaka 1891, na muhuri wa herufi U yenye taji ni wa kwao. Bunduki za mji wa Suhl, hasa tangu miaka ya karibu na 1912, mara nyingi zina tarakimu za mwezi na mwaka wa ukaguzi. Suhl ndiko zilikotoka nyingi za zile bunduki za mitutu mitatu walizozipenda Wajerumani, miwili ya marisau juu na mmoja wa risasi chini yake.

Ningependa wanafunzi wa historia ya Kanisa wajifunze kusoma alama hizi kama wanavyojifunza kusoma daftari la ubatizo. Si kwa kusudi la kuwaaibisha wazee. Masimulizi yanayoshindwa na muhuri huwa na ukweli mwingine ndani yake. Bunduki ya mwaka 1912 inayoitwa ya mwaka 1891 inatuambia kwamba familia imeziunganisha habari mbili, za kupokea Injili na za kupokea bunduki, kuwa habari moja. Kwa nini waliziunganisha? Hilo ni swali zuri kuliko swali la tarehe.

Chuma kinasema jambo lingine pia, tena la haraka. Mitutu mingi ya karne ya 19 haikutobolewa katika kipande kimoja cha chuma. Fundi alichukua fito nyembamba za chuma laini na chuma kigumu, akazisokota, akazizungusha juu ya ufito na kuzigonga motoni mpaka zikashikana. Uso wake una mistari ya kupendeza kama ngozi ya nyoka, nayo huitwa mitutu ya Damaski. Ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya moshi. Risasi za leo zina baruti isiyo na moshi, na msukumo wake ni tofauti. Tena chumba cha risasi katika bunduki za kale za Kijerumani, hasa za namba 16, mara nyingi kina urefu wa milimita 65, hali ganda la kawaida la leo ni la milimita 70. Ganda hilo huingia bila shida, maana mdomo wake umekunjwa. Likipigwa, mdomo hufunguka na kukosa nafasi, na msukumo hupanda. Ongeza kutu ya miaka hamsini chini ya paa linalovuja, nawe una kitu kinachoweza kupasuka mbele ya mkono wa kushoto na uso wa mpigaji. Kijana anayeitoa bunduki ya babu siku ya mazishi ili apige hewani kwa heshima ajue jambo hili. Watu humwogopa aliyesimama mbele ya mtutu, kumbe katika bunduki ya namna hii wa kuogopewa zaidi ni yule aliyeishika.

Simba, mahindi na Isimani

Isidhaniwe kwamba bunduki hizi zilikuwa pambo tu. Katika miaka ya 1930 na 1940 simba walikula watu katika Ubena, hasa upande wa Wanging'ombe, kwa muda ambao wazee waliusimulia kama wakati wa giza. George Rushby, ofisa wa wanyama pori aliyekaa Mbeya, pamoja na askari wake wa wanyama, waliwaua simba kumi na watano katika 1946 na 1947, na mauaji yakakoma. Idadi ya waliokufa iliyoenea vitabuni, watu 1,500, naiona ni ya kupokelewa kwa tahadhari. Kinachonigusa zaidi ni maelezo ya Rushby mwenyewe kwamba serikali ilikuwa imewaua wanyama pori wengi kusini ili kuzuia sotoka ya ng'ombe isivuke mpaka, na simba wakakosa mawindo. Watu walioliwa walikuwa miongoni mwa wale ambao kwa nusu karne walikuwa wamezuiwa kuwa na bunduki nzuri. Mwenye shotigani kijijini wakati huo hakuhitaji kueleza kwa nini anayo.

Hali kadhalika mkulima wa mahindi. Asiyepata kulala kibandani shambani usiku kucha akigonga debe ili nguruwe waondoke hawezi kuidharau bunduki ya jirani. Utaratibu wa wanyama pori uliendelea kubana, na kwa sababu za haki: Ruaha ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1964, uwindaji ukafungwa nchini kote mwaka 1973 na kufunguliwa tena 1978, na bonde la Usangu, lenye bata wengi, likaingizwa katika hifadhi ya Ruaha mwaka 2008. Bunduki ya kware ikabaki bila kware.

Na hakuna mtu wa Iringa mwenye umri wa kutosha anayeweza kuzungumza juu ya bunduki ya nyumbani bila kuikumbuka Isimani. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, alifika katika shamba la Said Mwamwindi, mkulima wa mahindi, katika wakati ule wa kuanzisha vijiji vya ujamaa. Maneno yalizidi. Mwamwindi alichukua bunduki yake akampiga na kumwua, kisha akaipakia maiti katika gari la marehemu mwenyewe na kuipeleka polisi Iringa. Mwaka 1972 alihukumiwa kifo. Chuo cha Ualimu cha Iringa kinaitwa kwa jina la Kleruu, na huko Isimani liko kundi la wazee wanaolitaja jina la Mwamwindi kwa sauti ya chini. Sitaki kuingia hapa katika hoja ya ujamaa, ambayo imeandikwa sana. Nataka tu tuone umbali uliopo kati ya mlango na ukuta ambako bunduki imetundikwa. Ni hatua chache, nazo huchukua muda mfupi kuliko hasira inavyohitaji ili ipoe.

Upanga wa Goliathi

Samweli wa Kwanza, sura ya 21, ina habari ambayo sijaisikia ikihubiriwa mara nyingi. Daudi anamkimbia Sauli, anafika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, na baada ya kupewa mikate mitakatifu anauliza kama pana silaha. Kuhani anamjibu kwamba upo upanga wa Goliathi, umezongwa nguo, umewekwa nyuma ya naivera. Daudi anausifu kuwa hauna mfano, anauchukua na kwenda zake. Upanga huo ulikuwa umewekwa mahali patakatifu kama kumbukumbu ya wokovu. Ulikuwa na thamani ya moyo, kama tusemavyo. Ulitunzwa kwa kitambaa. Na siku moja ukawa silaha tena, kwa neno moja. Sura inayofuata inasimulia namna Doegi Mwedomi alivyomweleza Sauli kwamba kuhani alimpa Daudi upanga, na kwa sababu hiyo makuhani 85 wakauawa, na mji wa Nobu pamoja na wanawake na watoto wake.

Sisemi kwamba Ahimeleki alikosa kuutunza. Maandiko hayamlaumu. Lakini yaonyesha kwamba silaha iliyotunzwa kwa ajili ya ukumbusho haiachi kuwa silaha, na kwamba gharama yake yaweza kulipwa na watu wasioijua hata habari yake. Wanaotaja Nehushtani, ile nyoka ya shaba aliyoivunja Hezekia, ili kushauri kila bunduki ya kale ivunjwe, nadhani wanachukua mfano usio wake. Watu hawaifukizii uvumba bunduki ya babu. Wanampenda babu, na hawana kitu kingine alichokishika kila siku kwa mkono wake. Picha hazikuwako. Barua hakuandika. Kitako kile kimelainika mahali shavu lake lilipokaa, na mjukuu akiweka shavu lake hapo anajua babu alikuwa na urefu gani.

Serikali kwa upande wake haiulizi juu ya shavu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na kitu. Mwenye leseni akifa, bunduki haiwezi kubaki chini ya kitanda ikingoja watoto wapatane; inapasa kufikishwa polisi, na anayeitaka aombe kwa jina lake mwenyewe, apimwe kama wengine. Mwaka 2016 polisi waliendesha uhakiki wa silaha za raia nchini, na ilikuwa nafasi ya familia nyingi kuyaweka wazi mambo yaliyokuwa yamefunikwa. Umoja wa Afrika nao umeutenga mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha wasizo na haki nazo. Mjane aliyekaa na bunduki ya marehemu mumewe bila kibali huwa anaogopa mambo mawili, kushtakiwa na kuonekana amemtupa mumewe. Hofu ya kwanza ni kazi ya sheria, na katika kipindi cha msamaha ina jibu. Hofu ya pili hakuna ofisa atakayeiondoa.

Hapo ndipo mchungaji ana kazi yake, na kazi hiyo hufanyika kabla ya safari ya kwenda kituoni. Akae na familia. Mtu anayejua silaha ahakikishe kwanza kwamba haina risasi ndani, maana nyingi za namna hii zimewekwa zikiwa zimejazwa. Mitutu ifunguliwe, isomwe. Jina la fundi liandikwe, mji, namba, mihuri yote kwa umbo lake, upana wa mtutu, na mahali kilipofungwa waya wa shaba. Kisha wazee wasimulie, kila mmoja kwa namna yake, hata pale wanapopingana, na mwandishi asiwasahihishe. Kurasa hizo zibaki kwa mjane, na nakala iwekwe katika kabati la usharika pamoja na daftari la ubatizo ambamo jina la babu huyo limeandikwa.